Idhini ya Mbingu ilimlinda nani?

Enzi za mfalme Jing wa nasaba ya Han, aliyetawala China kati ya mwaka 157 na 141 KK, wanazuoni wawili walibishana mbele yake. Huang Sheng alishikilia kwamba Tang, mwasisi wa nasaba ya Shang, na Wu, mwasisi wa Zhou, walikuwa waasi tu waliowapindua mabwana zao. Kofia hata ikichakaa, alisema, huvaliwa kichwani, na kiatu hata kikiwa kipya huvaliwa mguuni. Yuan Gu akamjibu kwa swali: basi na mwasisi wa Han naye alikosea kuinyang'anya Qin, nasaba iliyotangulia, kiti?

Hapo baraza likawa gumu. Mwasisi huyo, Liu Bang, alikuwa babu yake mfalme. Ukimkubali Huang, umesema ukoo wa Han ni wa wanyang'anyi. Ukimkubali Yuan, umewapa watu ruhusa ya kuipindua Han siku yoyote. Jing akaukata mjadala: mtu akila nyama asiguse ini la farasi, hakuna atakayesema hajui utamu wa nyama. Siku hizo watu waliamini ini la farasi lina sumu. Mwanahistoria Sima Qian anaeleza kuwa baada ya hapo hakuna mwanazuoni aliyethubutu kuligusa suala hilo.

Kilichokuwa kikibishaniwa ni Tianming, Idhini ya Mbingu: kwamba mfalme hutawala kwa sababu Mbingu imemkabidhi watu awatunze, na akiwatesa, idhini huondolewa akapewa mwingine. Wapo wanaolisifu fundisho hili kuwa ni uwajibikaji wa watawala uliobuniwa miaka 3,000 iliyopita. Wapo wanaolikejeli kuwa ni porojo za washindi. Kwa maoni yangu, wenye kukejeli wako sahihi kuhusu jinsi lilivyozaliwa, ila hawatazami sana lilivyoishi baadaye.

Tuanze na lililokuwapo kabla. Anyang, mji mkuu wa mwisho wa Shang, wafalme walitawala kwa kushauriana na marehemu wao. Bega la ng'ombe au gamba la kobe lilitobolewa vishimo upande wa nyuma, likachomwa hadi likapasuka, mfalme akausoma ufa, na swali likachongwa papo hapo. Waliuliza habari za mvua, vita, hata jino linalouma. Gamba moja linamhusu Fu Hao, mke wa mfalme Wu Ding, alipokuwa mjamzito. Mfalme aliutazama ufa akataja siku ambazo kujifungua kungekuwa na heri. Zikapita siku 31, mama akajifungua siku nyingine kabisa, na mchongaji akaandika: haikuwa heri, ni msichana. Ajabu ni kwamba Fu Hao huyo huyo aliongoza majeshi vitani. Kaburi lake lilipofukuliwa mwaka 1976 lilikutwa na shehena ya vyombo vya shaba na mifupa ya watu 16 waliouawa wamsindikize.

Katika mpangilio huo mkulima hana nafasi. Mfalme akiwatambikia wahenga ipasavyo, wahenga humtetea, basi. Hakuna mahali panapouliza kama watu wameshiba.

Zhou walitoka bonde la mto Wei, magharibi, na kabla ya hapo walikuwa chini ya Shang. Karibu mwaka 1046 KK mfalme Wu aliwashinda Shang pale Muye, kisha akafariki muda si mrefu akamwacha mrithi ambaye bado mdogo. Mwana wa mfalme wa Shang akaasi, tena akiungana na ndugu wa Wu wenyewe. Ndugu mwingine wa Wu, anayejulikana kama Bwana wa Zhou, alishika madaraka kwa niaba ya kijana na kuuzima uasi. Upanga alikuwa nao. Hoja ndiyo ilikuwa inahitajika. Ikapatikana: Mbingu haina ukoo inaoupendelea. Shang wenyewe waliwahi kupewa nafasi ya Xia, nasaba iliyowatangulia, walioharibika, na sasa zamu imefika ya Zhou.

Hoja tamu, na imemwangukia mtu aliyeihitaji kwa wakati aliouhitaji. Mashtaka nayo yana walakini. Mfalme wa mwisho wa Shang alituhumiwa ulevi, ukatili na kupuuza matambiko. Lakini mifupa ya miaka ya mwisho ya Shang inaonyesha matambiko ya wahenga yakifanyika kwa ratiba, mmoja baada ya mwingine. Hata Zigong, mwanafunzi wa Confucius, alisema uovu wa mfalme huyo haukuwa mkubwa kama unavyosimuliwa: aliyeko bondeni hukusanyikiwa na taka zote za dunia.

Wenye kukejeli wana ushahidi mwingine, na huu unachekesha kidogo. Mwaka 209 KK, Chen Sheng na Wu Guang walipotaka kuanzisha uasi dhidi ya Qin, waliandika kwa wino mwekundu kwenye kitambaa cha hariri kwamba Chen Sheng atakuwa mfalme, wakakisokomeza tumboni mwa samaki. Askari wenzao wakamnunua samaki, wakampasua, wakashangaa. Miaka zaidi ya 200 baadaye, mwaka 6 BK, jiwe jeupe liliopolewa kisimani likiwa na maandishi, nayo mekundu, yakimwagiza Wang Mang, kigogo wa baraza la Han, awe mfalme. Mwaka 9 akakikalia kiti, na mwaka 23 akauawa na waasi ndani ya kasri lake. Ishara za Mbingu zilikuwa na tabia ya kuonekana karibu na mwenye haja nazo.

Kasoro kubwa zaidi ni kwamba hakukuwa na utaratibu. Hakuna baraza la kupima kama idhini bado ipo, hakuna muda wa kukaa madarakani, hakuna njia ya kumwondoa mtawala bila damu. Jibu lilijulikana vita vikiisha, na aliyelipa gharama ya kulitafuta alikuwa mkulima yule yule ambaye fundisho linadai kumtetea. Aliyeshindwa aliitwa jambazi, aliyeshinda akaitwa Mwana wa Mbingu.

Hata hivyo, hoja ikishatoka kinywani mwa mshindi haimtii tena. Mwaka 178 KK jua lilipatwa, na mfalme Wen wa Han akatoa waraka akisema kosa ni lake, akaagiza waletwe watu wanyofu wamwambie alipokosea. Mfalme wa Shang angeuliza ni mhenga gani amekasirika. Wen alilazimika kuuliza amewafanyia nini watu. Na mwanafalsafa Mencius, aliyeishi karne ya 4 KK, alipoulizwa kama raia anaweza kumuua mfalme wake, alijibu kwamba amesikia habari za kuuawa kwa mtu mmoja aitwaye Zhou (jina lake tu, si nasaba ya Zhou), yaani yule mfalme wa mwisho wa Shang, lakini hajasikia habari za mfalme kuuawa. Mtawala dhalimu, kwake, alikwisha kujivua ufalme kabla hajaguswa.

Kwamba maneno hayo yaliuma, wafalme wenyewe ndio mashahidi. Dong Zhongshu, mwanazuoni wa enzi za Han aliyefundisha kuwa majanga ni maonyo ya Mbingu, aliandika tafsiri ya moto uliounguza majengo ya kumbukumbu za wahenga wa kifalme. Nusura auawe, na hakuthubutu tena kuzungumzia majanga. Kisa cha Zhu Yuanzhang ndicho kinachonishawishi zaidi. Alizaliwa kwa wakulima fukara mwaka 1328, akawa yatima, akaomba chakula njiani akiwa mtawa wa Kibudha, na mwaka 1368 akaanzisha nasaba ya Ming kwa kudai Mbingu imemchagua. Bila fundisho hili, mtu wa asili yake angekidai kiti kwa lipi? Mwaka 1394 alitoa kitabu cha Mencius kikiwa kimekatwakatwa: vifungu 85 viliondolewa, vikiwemo vinavyosema mfalme ana uzito mdogo kuliko watu, na ikapigwa marufuku kutunga maswali ya mitihani ya serikali kutokana navyo. Angekuwa anaamini ni porojo tu, angeviacha.