Muda wa Daktari Nao Una Bei

Juzi nilimsindikiza mama mkubwa kwenye kliniki ya presha. Daktari alikaa naye muda mrefu, akamdadisi kuhusu usingizi, chumvi na vidonge anavyonunua mwenyewe dukani, kisha akamwachisha dawa mbili na kusema hakuna haja ya kipimo siku hiyo. Kwenye fomu ya madai ya bima aliyosaini mama, kazi yote hiyo ilikuwa mstari mmoja: ada ya kumwona daktari. Angemwandikia vipimo vitano na kumtoa baada ya dakika chache, kituo kingedai fedha nyingi zaidi.

Hapo ndipo ninapogombana na bei za NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya wa Tanzania. Mfuko hulipa huduma mojamoja: kumwona daktari, kipimo, dawa. Ada ya daktari hutofautiana kwa ngazi ya kituo na kwa ubingwa wake, lakini haitofautiani kwa muda aliompa mgonjwa. Ada isipotosha, kituo hujifidia maabara na kwenye dirisha la dawa, na daktari mwenye subira anakuwa mzigo kwa mwajiri wake. Kisha tunalalamika kwamba madaktari hawatusikilizi, ilhali kusikiliza ndiyo kazi ambayo kitita, yaani orodha ya huduma na bei zinazolipwa na Mfuko, hakiilipii.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba Mfuko una sababu ya kubana: vituo vinavyodai fedha kwa udanganyifu vipo, na hakuna haki ya kulipia dawa zaidi ya bei ya soko. Lakini kitita cha mwaka 2016 kiliachwa vilevile hadi Machi 1, 2024, huku gharama zikipanda kila mwaka, ndipo kikabadilishwa kwa mkupuo mmoja. Hospitali binafsi zikatangaza kusitisha huduma kwa wanachama, na aliyeumia ni mgonjwa mwenye kadi halali mkononi.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 itawaingiza wengi katika mpango huu. Kabla hawajafika, bei zipitiwe kwa tarehe inayojulikana, mgonjwa wa kisukari au presha apewe ada inayolingana na muda anaouhitaji, na hesabu yenyewe ichapishwe: ada imekadiria dakika ngapi kwa mgonjwa mmoja, na ndani yake mshahara wa muuguzi na kodi ya jengo vimo au havimo. Mtumishi anayekatwa asilimia 3 ya mshahara wake kila mwezi, na mwajiri akiongeza asilimia 3 nyingine, ana haki ya kuiona hesabu hiyo.