Hiari iliyokuja na mtendaji

Juzi nilisimama mbele ya jopo la chuo kuwasilisha utafiti wa shahada niliorudi nao kutoka Tanga. Miezi mitano. Mahojiano 31, madaftari manne, na nguo ambazo mpaka leo zinanuka moshi wa kuni na vibua. Nilimaliza kueleza namna mama karanga (mwanamke anayekaanga samaki na kuwauza) anavyokopeshwa samaki alfajiri bila kuandikiana hata mstari, akalipa jioni, nikadhani sasa tutazungumza. Swali la kwanza: "Fomu 7 za ridhaa hazina saini. Tutajuaje kwamba waliridhia?"

Nilijibu nini, hata sikumbuki. Mimi jibu zuri hunijia siku ya pili, niko kwenye vyombo. Basi limenijia.

Njia ya uwandani, kule tunakokusanya data, mnaijua. Barua ya chuo inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, pale inazaa barua nyingine, hiyo inashuka wilayani, inapita kwa Mkurugenzi, inaangukia kwa mtendaji wa kata. Kila meza muhuri, kila muhuri na "rudi kesho". Sawa, nchi ina utaratibu wake. Mtendaji niliyemkuta (kata nayo siitaji, ni ya pwani, ukishika njia ya Pangani) ni mtu mwema kabisa. Aliacha kazi zake akanipeleka mwenyewe mpaka kwenye majiko. Akasimama kati ya makarai, mikono nyuma, akasema: "Akina mama, huyu ni mgeni wetu, kaja na barua ya serikali. Mpeni ushirikiano."

Mpeni ushirikiano! Kisha mimi, kwa uso mkavu, nikafungua begi nikatoa karatasi inayosema ushiriki wako ni wa hiari.

Hiari ipi? Kikundi cha akina mama wale kikitaka ile mikopo ya halmashauri inayotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, karatasi zake hazimkwepi bwana yule. Barua ya utambulisho, yeye. Ugomvi wa eneo la kukaangia, yeye. Nani angemwambia mgeni wake "sitaki"? Wengi wakatia saini siku ile ile, mmoja baada ya mwingine, kama wanaopokea chandarua. Hizo ndizo saini jopo lilizozipenda.

Mmoja tu ndiye aliyeniomba nimsomee. Bibi mtu mzima, yuko upande wa kuni. Nikasoma: "Una haki ya kujitoa wakati wowote bila kupoteza manufaa yoyote unayostahili."

"Rudia hapo pa manufaa."

Nikarudia.

"Ni yapi hayo, mwanangu?"

"Hakuna bibi, ni masomo tu."

"Sasa kama hayapo, nitayapotezaje?"

Wenzake walicheka hadi mmoja akasahau samaki kwenye karai. Nami nilicheka, lakini nilikuwa nimeumbuka. Kile hakikuwa Kiswahili. Ilikuwa ni sentensi ya Kizungu iliyovalishwa kanga, nami nilikuwa nimeipitisha mbele ya wasimamizi wawili na kamati nzima ya maadili, hakuna aliyeuliza alichouliza bibi. Halafu akanirudishia kalamu kwa adabu. Marehemu mumewe aliwahi kutia dole gumba kwenye karatasi ya watu waliosema wanapima tu. Shamba la minazi likapimwa kweli, wala halikurudi. "Kuzungumza tutazungumza," akasema, "lakini karatasi hapana."

(Na hili neno mahojiano nani alitupa? Mtaani anayehojiwa yuko kituoni. Mwambie mtu "nimekuja kukuhoji" uone kama hatatafuta viatu.)

Nakubali, tena kwa shingo upande: karatasi hizi hazikuzuka hivi hivi. Kule Alabama, Marekani, wanaume weusi 399 wenye kaswende walifuatiliwa kuanzia 1932 mpaka 1972 bila kutibiwa na bila kuambiwa ukweli, hata penisilini ilipokwisha kujulikana kuwa ndiyo dawa. Aibu ile ndiyo iliyozaa Ripoti ya Belmont ya 1979, ya Wamarekani kuhusu maadili ya kutafiti watu, ambayo sote tunainukuu kwenye sura ya tatu ya tasnifu. Ila ukiifungua utakuta ridhaa ina nguzo tatu: mtu apewe taarifa, azielewe, na akubali bila kusukumwa. Saini haimo kwenye hizo tatu. Kanuni za Wamarekani wenyewe siku hizi zinaruhusu saini iachwe kwa watu ambao kutia saini si desturi yao, mradi utafiti hauna hatari kubwa na kuna njia nyingine ya kuhifadhi ushahidi wa ridhaa. Mimi ninazo sauti za wale 7 kwenye rekoda, wanasema "haya, uliza". Sisi tuliopokea karatasi ndio tumekuwa wakali kuliko wenye karatasi.

Ngoja niseme lililonikera hasa, maana hili sikulieleza mbele ya jopo.

Baada ya siku ile nilirudi peke yangu. Nilirudi tena na tena. Ratiba yangu ilikuwa ya wiki, yao ni ya giza na mbalamwezi: mwezi ukiwa mpevu taa za wavuvi hazivuti samaki, watu wanapumzika, na mama karanga ana nafasi ya kuongea. Wakati wa giza unakaa kimya, unapaa samaki, unaambiwa unapaa vibaya. "Nyie wa utafiti mnatujulia hali kwa kalamu," mmoja aliniambia, "waja leo waondoka leo." Mara ya tatu nilipofika, dada mmoja aliyekuwa ameshatia saini, tena saini nzuri yenye mkia, alinivuta pembeni akasema: "Mie sitaki. Siku ile alikuwapo mtendaji."

Nilimshukuru. Mahojiano yake nikayafuta, ndiyo maana yamebaki 31. Lakini fomu yake ninayo kwenye bahasha, na kwa macho ya jopo ndiyo fomu kamili kuliko zote. Na wale 7 wasio na saini ndio walioongea nami kwa muda mrefu zaidi, walioniita wenyewe, walionikatiza na kuniambia "hilo usiandike" nami nikafunga daftari. "Hilo usiandike" ni ridhaa hai, inatolewa na kunyimwa papo kwa papo. Iandikieni fomu hiyo basi!

Mengine ya jopo nayaacha. La kwamba mahojiano 12 yangetosha: namba hiyo ilitoka kwenye makala ya 2006 kuhusu mahojiano 60 ya Ghana na Nigeria, na walioiandika walitahadharisha kwamba watu wao walikuwa wanafanana. Programu ya kusimba data (kuyapanga maneno ya watu kwa mada) nimenunuliwa, naishukuru, haijui riziki ni nini.

Nimepewa wiki sita za marekebisho. Jedwali lina safu tatu: hoja ya jopo, hatua iliyochukuliwa, ukurasa. Kwenye hatua nimeandika "nitarudi uwandani", maana sina ubavu wa kubishana na shahada ikiwa mikononi mwao.

Jana nikampigia simu bibi. Shikamoo, marahaba, hali ya mguu, hali ya samaki. Nikamweleza habari ya saini kwa aibu. Akanyamaza kidogo.

"Utakuja na yule?"

"Nakuja peke yangu, bibi."

"Basi njoo. Saini sitii. Lakini uniletee mafuta lita moja, huku yamepanda."

Hayo mafuta nayo sijui nitayaweka safu gani.