Zimwi likianguka na kushikwa, linaweza kuinuka?

Jumamosi iliyopita, kwenye kibaraza cha nyumba moja Sinza, mchezo wetu wa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kusimulia hadithi na kurusha dadu, ulisimama karibu nusu saa kwa ajili ya zimwi lililolala chini. Mchezaji mwenye askari wa ngazi ya 5 alikuwa na mapigo mawili kwenye zamu yake, na kanuni inamruhusu kuacha pigo ili asukume au ashike. La kwanza aliliacha, akalisukuma zimwi likaanguka chali. La pili akaliacha pia, akalishika. Zamu ya zimwi ilipofika, mimi niliyekuwa msimulizi, yaani mwenye kuendesha hadithi na kuamua kanuni, nikasema linainuka. Meza nzima ikanigeukia.

Kanuni za toleo la tano, lililotoka 2014, zinasema aliyeanguka akitaka kuinuka analipa nusu ya mwendo wake. Zimwi lina mwendo wa futi 40, kwa hiyo lingelipa 20. Aliyeshikwa, mwendo wake unakuwa sifuri. Mmoja wetu akaja na hesabu yake: nusu ya sifuri ni sifuri, basi kuinuka ni bure. Hesabu tamu, ila waandishi walishaiziba: kitabu kinatamka wazi kwamba mwenye mwendo wa sifuri hainuki.

Maandishi yameisha hapo. Kilichobaki ni tukio lenyewe. Zimwi limemzidi binadamu ukubwa kwa daraja moja na lina nguvu 19, na kanuni inaruhusu kumshika aliyekuzidi daraja moja, kwa mkono mmoja tu ulio huru. Wenye kutetea picha ya tukio dhidi ya maandishi wanauliza: mkono mmoja unalizuiaje jitu la namna hiyo? Ni swali la haki. Watu hawaachi shughuli zao Jumamosi ili wasomewe vifungu. Wanakuja kuiona ile picha.

Lakini naamini sehemu ya ugomvi ule ilitokana na neno. Mezani kwetu huko kushika tumezoea kukuita "kukaba", na Dar es Salaam ukisema kukaba mtu anaona roba, mkono umezunguka shingo. Shingo ya zimwi haikabiki kwa mkono mmoja, hilo nakubali. Kanuni haitaji shingo popote. Mwenzetu mmoja akasema tuseme "kung'ang'ania", na picha ikageuka palepale: zimwi liko kwenye tope, askari amening'inia kwenye kifundo cha mguu wake, kila likitaka kukanyaga mguu unavutwa. Waliokuwa wakipinga wakapunguza sauti.

Kilichonifanya nirudishe neno langu ni gharama. Askari aliacha mapigo mawili ili wenzake walio ndani ya futi 5, wakilipiga zimwi lililoanguka, warushe dadu mbili za pande 20 na kuchukua iliyo kubwa. Anayehitaji 11 au zaidi ili pigo lipate, nafasi yake inapanda kutoka asilimia 50 hadi 75. Nikiliinua zimwi kwa kauli yangu tu, nimemnyang'anya mtu kitu ambacho ameshakilipia.

Hata hivyo siwezi kusimama na maandishi matupu. Kitabu hichohicho kinampa msimulizi mamlaka ya kuongeza dadu ya pili pale mazingira yanapombeba mtu. Basi ukubwa wa zimwi usitumike kufuta kanuni ya kuinuka, utumike kwenye kujinasua, pale aliyeshikwa na aliyemshika wanaposhindana kwa dadu. Zimwi likatumia tendo lake la zamu ile, likarusha dadu mbili, 6 na 9, likachukua 9. Nguvu 19 humwongezea mtu 4 kwenye dadu, jumla 13. Askari akapata 8, akaongeza 7 za nguvu na ujuzi wake, jumla 15. Zimwi likabaki chini.

Mwenye askari alishinda, na bado akalalamika: angejua kuna dadu ya pili kabla hajaacha mapigo yake, pengine angepiga tu. Sina la kumjibu, maana ni hoja yangu mwenyewe ya gharama. Siku hizi mtu akisema anasukuma au anashika kiumbe kilichomzidi ukubwa, nataja dadu hiyo kabla hajarusha ya kwake, na akitaka kubadili nia namwachia.