Supu ya pweza na herufi ya 34

Supu ya pweza inasifiwa Unguja na Pemba kwa kutia nguvu, hasa zile nguvu zinazotajwa kwa kicheko. Sina ugomvi na supu. Ugomvi wangu ni na wanaoipamba kwa sayansi nusu: pweza ana taurini (kemikali ndogo ya mwilini), taurini inatumika kwenye mitokondria (vinu vya nishati ndani ya seli), basi kunywa upone. Mawili ya mwanzo ni kweli, la tatu limerukiwa tu.

Mitokondria za binadamu zina tRNA 22, yaani molekuli zinazosoma maagizo ya jeni na kuleta asidi amino, za kutengenezea protini 13. Katika tano kati ya hizo, herufi ya 34, yaani ya kwanza ya antikodoni (herufi tatu zinazosoma kodoni, neno la herufi tatu katika maagizo), haiachwi yuridini (U) tupu. Vimeng'enya MTO1 na GTPBP3 huibandika taurini. Watafiti wa Japani waliligundua jambo hili mwaka 2002. Kwa tRNA ya lusini, moja ya asidi amino, kibandiko hicho ndicho kinachoiwezesha kusoma kodoni UUG. Kikikosekana, kodoni nyingine ya lusini, UUA, bado inasomeka, lakini kwenye UUG usomaji unadorora. Protini ND6 imejaa UUG, kwa hiyo ndiyo inayoumia zaidi, na mashine inayoibeba, ya kwanza katika mnyororo wa upumuaji wa seli inalegea.

Sasa mtazame mgonjwa wa MELAS, ugonjwa wa kurithi wa mitokondria, anayepata mashambulio kama ya kiharusi angali kijana. Kwa wengi wao, A moja imegeuka G kwenye nafasi ya 3243 ya DNA ya mitokondria, ndani ya jeni ya tRNA hiyo hiyo ya lusini. Herufi ya 34 yenyewe ni nzima. Taurini ipo na vimeng'enya vipo. tRNA ndiyo iliyopotoka, haibandikiki vizuri. Japani iliidhinisha taurini mwaka 2019 kupunguza mashambulio hayo, na katika majaribio wagonjwa walipewa gramu 9 au 12 kila siku, kwa mwaka mzima. Bakuli la supu la Forodhani, soko la vyakula la usiku huko Unguja, halipimwi hivyo. Tena taurini huyeyuka kwenye maji: ukimwaga maji uliyochemshia pweza, umeimwaga na yenyewe. Mtu mzima wa afya hujitengenezea yake kutokana na sisteini, asidi amino nyingine.

Walimu wetu wa baiolojia nao waache kuchora tRNA ya A, U, G na C tupu. Anayetengeneza tRNA kwenye kichupa kwa kimeng'enya cha T7, kinachonakili RNA kutoka DNA, hupata hiyo hiyo tupu, isiyo na kibandiko hata kimoja. Akiipimia usomaji wa UUG, anaweza kupata majibu ya mgonjwa akadhani ni ya mzima.