Kodi juu ya kodi

Nina vyumba vinne vya kupangisha Mbagala, Dar es Salaam, mwenyewe naishi Leicester, Uingereza. Kwa miaka mitatu niliona hayo ni mambo mawili yasiyojuana. Pango linaingia kwenye simu ya dada yangu, anatoa ya fundi na ya choo, inayobaki anampa mama. Mimi sigusi hata senti, nitangaze nini?

Kumbe kwa mkaazi wa kawaida wa Uingereza, pango linahesabika popote nyumba ilipo. Likizidi pauni 1,000 kwa mwaka, unalitaja kwa HMRC, watoza kodi wa huku, hata kama lote linakwenda kwa mama.

Aliyenifumbua macho ni mwenye nyumba wangu wa huku. Alikuja kutazama bomba linalovuja, bahasha ya kahawia imechomoza mfukoni. Barua ya HMRC haikumtukana wala kumtisha, ilimuuliza tu kama kuna pango alilosahau kulitaja. Nyuma ya bahasha alikuwa amepiga hesabu kwa penseli, miaka sita, mstari kwa mstari. HMRC wana mpango maalumu wa wapangishaji tangu 2013: jitokeze mwenyewe, piga hesabu, ulipe ndani ya siku 90, faini inapungua. Ukingoja wakufuate na ikaonekana ulificha kusudi, wanaweza kurudi nyuma hadi miaka 20. Na karatasi za kukufuata wanazo: hati ya nyumba, dhamana ya mpangaji, taarifa za mawakala. Msinielewe vibaya, huku si kwa malaika. Mpango wa kuungama usingedumu hivyo kama hakuna wenye dhambi.

Kwetu mwenye nyumba haonekani kwenye karatasi, basi anashikwa anayeonekana. Agosti 2021 kodi ya majengo ikaingizwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, baadaye 1,500. Deni ni la mwenye jengo, lakini anayeona uniti zimepungua ni mpangaji. Mwaka 2022 ikaja habari ya mpangaji kukata asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA, watoza kodi wa Tanzania. Mtaani watu wakasikia wapangaji wameongezewa kodi, na siwalaumu. Kiswahili chenyewe kinatuchanganya: anacholipa mpangaji ni kodi, anachodai TRA nacho ni kodi.

Kukata si uzushi wa Bongo. Hata Uingereza, mwenye nyumba akiishi nje na pango likazidi pauni 100 kwa wiki, mpangaji anayemlipa moja kwa moja anatakiwa kukata asilimia 20, isipokuwa HMRC wamemruhusu asikate. Lakini huko anayekatwa yuko mbali. Mbagala anayekatwa anakaa chumba cha mbele, amechukua miezi sita mkononi na anaweza kukutolea godoro nje leo jioni. Kampuni iliyopanga ofisi itakata, ina mhasibu. Kumtuma muuza vitumbua akambane mwenye nyumba wake, kwangu huo ni uvivu wa serikali.

Mimi nimejitokeza, nimelipa ya huku. Ukionyesha risiti ya kodi uliyolipa nyumbani, unapunguziwa. Risiti sina. Nikampigia mpangaji wangu wa muda mrefu, nikamwomba mwezi ujao akate sehemu ya pango aipeleke TRA kwa niaba yangu.

Alicheka mpaka nikasogeza simu mbali na sikio.

“Kaka, mimi niende TRA? Niingie na beseni la vitumbua, nitoke na deni la biashara? Hapana. Ila kwa kuwa umeanza wewe habari za kodi, ile 1,500 ya LUKU tunakulipia sisi wapangaji wako. Miezi kumi na nane sasa. Hiyo utatukatia lini?”

27,000. Nilimtumia usiku uleule, na ya kutolea.