Acheni kuosha tangi lote, mnawaua samaki

Kuna mtu kaniambia samaki wake wamekufa tena, wote, akamalizia na ile kauli inayonipandisha hasira kila nikiisikia: "samaki hawa wa mapambo maisha yao mafupi tu." Jamani hapana. Samaki wa dhahabu akitunzwa vizuri anafikisha miaka 10 na zaidi, na Uingereza kulikuwa na mmoja akiitwa Tish, mtoto alimpata kama zawadi ya michezo kwenye maonyesho mwaka 1956, akaja kufa 1999. Miaka 43! Sasa wa kwako akimaliza mwezi mmoja tu ukamkuta anaelea tumbo juu, huo si umri, kuna kitu kimemuua.

Nikamuuliza, unasafishaje? Akanieleza, tena kwa fahari: kila wiki samaki wanahamia kwenye ndoo, maji yote yanamwagwa, kokoto zinaoshwa kwa sabuni, spanji ya chujio inafikichwa chini ya bomba mpaka inarudi kama mpya, halafu maji mapya, samaki ndani. Maji yanang'aa kweli. Siku mbili tatu baadaye samaki wote wako juu, midomo wazi, wanatweta.

Hapo ndipo penye tatizo lenyewe na ningependa kila anayefuga samaki alijue hili kabla ya kujua kingine chochote. Samaki anakula, anajisaidia na anapumua kwenye maji hayo hayo, na uchafu wake mkubwa ni amonia, inatoka mwilini kupitia matamvua muda wote, haina rangi, na ikiwa kidogo huisikii hata harufu, ila matamvua inayaunguza. Kinachomwokoa ni bakteria. Kuna wanaogeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu kwa sababu inazuia damu kubeba oksijeni, ndiyo maana unaona samaki anahema na matamvua yanaingia rangi ya kahawia wakati pampu ya hewa inatoa mapovu usiku kucha. Halafu kuna wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, na hiyo samaki anaivumilia mradi isizidi. Bakteria hawa wote hawaogelei ovyo kwenye maji, wamejishika kwenye kokoto, kwenye kioo, na zaidi kwenye spanji ya chujio. Ule utelezi wa kahawia unaoufikicha kwa bidii zote ndio makazi yao! Ukipiga sabuni, ukapitisha na maji ya bomba yenye klorini, umewamaliza, na kuwajenga upya inachukua kama wiki 4 hadi 6. Wiki hizo zote samaki wako anaishi ndani ya amonia yake mwenyewe, na wewe kabla hazijaisha umeshaosha tena.

Kwa hiyo badilisha robo ya maji kwa wiki, basi. Vuta uchafu wa chini kwa mpira wa maji, na maji hayo hayo uliyoyatoa ndiyo ukamulie spanji, mara chache tu, kiasi cha kuondoa tope. Maji mapya yawe na joto linalokaribiana na la ndani na yatiwe dawa ya kuondoa klorini, kwa sababu kuacha ndoo wazi siku nzima kunatoa klorini lakini kloramini (klorini iliyounganishwa na amonia) haitoki, na sehemu nyingi siku hizi wanaweka kloramini. Sabuni isikaribie kabisa.

Chakula: kile wanachokimaliza ndani ya dakika mbili. Kinachobaki kinaoza, nacho ni amonia.

Na bakuli... kuna wanaosema betta, yule samaki mdogo wa mapambo mwenye mapezi marefu, anaishi tu kwenye bakuli. Nakubali, anavuta hewa juu ya maji, kwa hiyo maji yenye oksijeni kidogo hayamuui haraka kama wengine. Lakini anajisaidia kama wengine, na anataka joto la nyuzi 24 hadi 28 muda wote, sasa bakuli la lita mbili utalipashaje joto na chujio utaliweka wapi? Maji yakiwa machache sumu inapanda upesi, haihitaji elimu kubwa. Roma walipiga marufuku bakuli za mviringo mwaka 2005 na mimi naona walifanya la maana. Wale wanaosema samaki wa dhahabu hukua kulingana na ukubwa wa bakuli, jueni kwamba huyo amedumaa kwa maji mabaya, akitunzwa vizuri anaweza kupita sentimita 20.

Kama unasoma hapa na wako wanatweta sasa hivi: toa theluthi moja ya maji, jaza mengine yaliyotiwa dawa, usiwalishe leo wala kesho, nunua vipimo vya amonia na nitriti upime kila siku, ikionekana yoyote badilisha maji kidogo tena. Chujio liache linaendelea kufanya kazi, usilifungue.