Kadi Safi au Iliyopita Posta? Mvutano Kuhusu Kadi za Sikukuu za Kisovieti

Wanaokusanya kadi za sikukuu za Umoja wa Kisovieti wana ugomvi wa siku nyingi. Wapo wanaotaka kadi ambayo haijaguswa na kalamu, imetoka dukani na kubaki vilevile. Wapo wanaotaka iliyoandikwa, ikagongwa mhuri na kumfikia mwenyewe. Sisi tunaona jibu hutegemea miaka. Kwa kadi zilizochapwa baada ya 1960, zile za mnara wa Kremlin, manowari ya Aurora, roketi na masuke ya ngano, tunaegemea upande wa zilizotumika, ingawa wapinzani wetu wana hoja za kweli.

Hoja yao ya kwanza ni karatasi yenyewe. Kalamu ya biki ikikandamizwa huacha mistari inayoonekana upande wa picha, hasa kwenye anga la rangi moja. Mhuri mzito hufanya hivyohivyo. Baya zaidi ni kadi iliyobanduliwa stempu: tabaka la juu la karatasi hung'oka, na nusu ya mhuri huondoka pamoja na stempu. Kadi ya namna hiyo haimfai mpenda picha wala mpenda posta.

Hoja ya pili ni kwamba kadi safi nayo huongea, ukijua pa kutazama. Upande wa nyuma, kwa herufi ndogo, kuna jina la msanii, mchapishaji, namba ya oda («Зак.»), idadi ya nakala («Тир.») na bei («Цена»). Bei ni saa nzuri ya kupimia umri. Januari 1961 rubli 10 za zamani zilifanywa kuwa 1, kwa hiyo kadi iliyouzwa kwa makumi ya kopeki kwa kawaida ni ya kabla ya hapo, na ya kopeki 3 au 5 ni ya baadaye. Visanduku sita vya nukta vya kujazia msimbo wa posta vilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwa kadi za zamani za enzi ya tsar, yaani mfalme wa Urusi kabla ya mapinduzi, tazama tahajia: herufi ѣ, na ъ mwishoni mwa maneno, ziliondolewa katika mageuzi ya maandishi ya 1918.

Lakini soma hiyo «Тир.» vizuri. Kadi za Wizara ya Mawasiliano, zenye stempu iliyochapwa tayari, huandikwa «млн», yaani mamilioni ya nakala. Kadi safi ya Novemba 7, sikukuu ya Mapinduzi ya Oktoba, ya mwaka 1978 si adimu na haitakuwa adimu karibuni. Watu walizinunua kwa mafungu, zikabaki kwenye droo. Anayelipia usafi wake kwa bei ya juu analipia kitu ambacho kimejaa tele.

Hapo ndipo kadi iliyotumika inapopata nguvu. Upande wa picha ni sauti ya serikali. Mnunuzi hakuichagua sana: sikukuu ikikaribia, kaunta ya posta ilijaa nyota nyekundu na bendera, naye alichukua iliyokuwepo. Ukikusanya kadi safi pekee, unakusanya maneno ya serikali kwa raia, na yale ya raia wenyewe kwa wenyewe yanakupita. Geuza kadi iliyotumwa. Baada ya mstari mmoja wa pongezi za Oktoba Kuu zinafuata habari za goti la bibi, viazi, mtihani wa mtoto, na lawama kwa ndugu asiyeandika. Wanaosema kukusanya kadi hizi ni kutukuza propaganda wana haki ya kuuliza, na swali hilo limekuwa zito zaidi tangu Urusi ilipoivamia Ukraine 2022. Kwa maoni yetu, albamu ya picha tupu ndiyo yenye kazi ngumu kulijibu. Sheria pia zipo: Lithuania tangu 2008 na Ukraine tangu 2015 zinabana alama za Kisovieti hadharani, basi anayetuma au kuonyesha kadi huko asome kwanza sheria inasemaje.

Afrika Mashariki ina sababu yake ya kupenda zilizotumika. Chuo kilichofunguliwa Moscow mwaka 1960, baadaye kikapewa jina la Patrice Lumumba, kilipokea vijana wetu, na Redio Moscow ilitangaza kwa Kiswahili na kuwajibu wasikilizaji kwa posta. Kadi yenye mhuri wa Moscow na namba ya sanduku la posta la Dar es Salaam au Mombasa ni hati ya historia yetu. Kadi hiyohiyo ikiwa safi, ni moja tu kati ya mamilioni yanayofanana nayo.

Tatizo kubwa la zilizotumika ni kughushi, na kadi za vita vya 1941 hadi 1945 ndizo zinazolengwa. Mtu huchukua kadi safi ya enzi hiyo, akaiandika, akaigonga mhuri wa posta ya jeshi na ule wa udhibiti, «Просмотрено военной цензурой» (imekaguliwa na udhibiti wa kijeshi), bei ikapanda. Anza na wino. Kalamu za biki zilienea katika nchi hiyo baada ya vita, kwa hiyo ujumbe wa biki wenye tarehe ya 1943 haufai kuaminiwa. Penseli ya zambarau isiyofutika ndiyo iliyotumiwa sana wakati huo. Linganisha tarehe: mhuri hauwezi kutangulia tarehe ya kadi kuidhinishwa kuchapwa, kama imeandikwa upande wa nyuma. Kisha washa taa ya kukagulia noti. Karatasi inayong'aa buluu kali ina kemikali za kung'arisha ambazo hazikuwemo kwenye karatasi kabla ya miaka ya 1950 hivi. Malizia na lenzi ya kukuza mara 10: kwenye nakala ya kisasa, hata herufi za maandishi huwa zimevunjika kuwa nukta za rangi, wakati kwenye kadi halisi herufi ni wino mzima.

Kuna tahadhari mbili za upande wa pili, maana watu huzikataa kadi halali pia. Utepe wa machungwa na nyeusi haukubuniwa juzi. Ulikuwa kwenye Nishani ya Utukufu ya 1943 na medali ya ushindi ya 1945, basi kuuona kwenye kadi ya Kisovieti si dosari. Na kadi za Mei 9, Siku ya Ushindi, ni nyingi kuanzia 1965 kwa sababu siku hiyo ilikuwa ya kazi tangu 1948 hadi mwaka huo. Ya miaka ya 1950 ichunguze kwa makini kabla ya kuitupa au kuilipia.

Hoja moja ya wapenda kadi safi hatuna jibu lake kamili: faragha. Mwandishi wa kadi ya 1980 huenda yu hai, na anwani yake ipo palepale. Tunachofanya wengi wetu ni kufunika jina na anwani kabla ya kuweka picha mtandaoni, na kuziacha habari za ugonjwa na ndoa bila kuzitafsiri hadharani.

Utunzaji pia hutofautiana. Kadi za zamani ni takriban sentimita 9 kwa 14, za baadaye 10.5 kwa 15. Nunua mifuko ya poliesta au polipropilini ya saizi zote mbili, si ya PVC, ambayo hutoa kemikali na kunata kwenye wino. Kadi safi huvumilia kosa dogo. Iliyoandikwa kwa penseli ya zambarau haivumilii: unyevu huigeuza kuwa wino na kuvujisha mwandiko wote. Kwa wanaoishi pwani, kisanduku kikae mbali na ukuta wa nje pamoja na vipakiti vya kukausha hewa, na kamwe usiloweke kadi ya namna hiyo ili kubandua stempu.